Nusu ya Kuonana

Waraka ni nusu ya kuonana. Ndivyo walivyonena wazee wa pwani tangu zama ambazo barua ilisafiri kwa jahazi, ikapokewa bandarini, ikasomwa kwa sauti mbele ya jamaa wote. Aghalabu methali hiyo hutajwa kwa kuusifu waraka: kwamba karatasi ndogo yaweza kumleta aliye mbali, hata msomaji akahisi kana kwamba ameketi naye barazani. Lakini aliyesema nusu hakusema kamili. Ipo nusu ya pili ambayo waraka hauifikishi, na wazee hawakuipa jina wala hawakueleza ipatikane wapi. Huenda waliona haina haja ya kuelezwa, maana kila mtu alijua kuwa nusu hiyo ilikuwa safarini, ndani ya chombo kitakachorudi na pepo za musimu.

Swali la nusu hiyo limerudi katika zama hizi, na limerudi na sura ngeni. Jioni, katika mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, mizigo ya dagaa na sangara ikishapungua, huonekana vijana wameketi juu ya magunia, kila mmoja ameinamia simu yake. Mmoja anazungumza na mama yake aliyeko Kigoma. Mwingine anamtumia mkewe fedha huko Ukara. Wa tatu hazungumzi na mtu, anatazama tu picha zinavyopita. Simu hiyo hiyo iliyobeba salamu na fedha sasa imepewa kazi ya tatu, nayo ni kuuguza moyo. Katika nchi mbalimbali zimetungwa programu za kumhudumia mhamiaji mwenye huzuni. Humwuliza hali yake kila siku, humfundisha kuvuta pumzi kwa utulivu, humhimiza alale kwa wakati, atembee, apunguze pombe, aandike yanayomsumbua. Na nyingine humjibu kana kwamba ni mtu anayemsikiliza. Wazitungao wana nia njema, na waganga wa maradhi ya akili ni haba. Walakini hapana budi kuuliza: mtu aliyehama kwao akapatwa na ukiwa, anawadai nini watu aliowakuta? Na je, deni hilo laweza kulipwa na chombo?

Mwanza ni mji wa wageni. Mwamba wa Bismarck unaosimama majini hutajwa kuwa ndio alama ya mji, lakini alama iliyo ya kweli zaidi ni zile nyumba zilizopandana juu ya majabali ya vilimani, ambako kila aliyewasili amejitafutia jiwe la kuegemeza ukuta wake. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu katika mkoa huo watu takriban milioni 2.8, sensa ya mwaka 2022 ikawakuta takriban milioni 3.7. Wengi wao wamezaliwa humo humo, na wengi wameletwa na ziwa. Sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria kati ya miaka ya 1950 na 1960, alizaa viwanda vya minofu katika miaka ya 1990, na viwanda vikaita watu. Dagaa nao waliita watu wao. Wasukuma walitoka kwenye mashamba ya pamba, Waha walitoka Kigoma, Wahaya walivuka kutoka Bukoba, Wakerewe, Wakara na Wajita walihama kutoka kisiwa hadi kisiwa, wakakutana katika kambi za uvuvi ambazo baadhi yake hazina shule, hazina zahanati, na makaburi yake ni ya watu waliotoka mbali.

Msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu haoni ajabu katika habari hizo. Neno dago analijua. Wavuvi wa visiwani huenda dago, wakafuata samaki hadi fukwe zisizo zao, wakapiga kambi, wakala pamoja na kulala pamoja. Lakini dago la pwani hutawaliwa na pepo. Musimu ukigeuka, mtu hujua kuwa sasa anarudi. Kambi ya ziwani aghalabu haina musimu wa kurudi. Kijana huja kwa miezi 3 ili apate mtaji, miezi ikawa miaka, mtaji usipatikane, naye akaona haya kurudi mikono mitupu. Hapo ndipo safari hubadilika ikawa uhamisho bila ya mwenyewe kuamua.

Kisiwa cha Ukerewe, kilicho kikubwa kuliko vyote katika ziwa hilo, kilimtoa mwandishi aliyeitazama hali hii mapema sana. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana, akafariki mwaka 2020. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, binti wa Ukerewe anatoka kwao kwenda kusoma Mwanza. Katika Kichwamaji ya mwaka 1974, Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anarudi kisiwani akiwa mgeni katika nyumba ya baba yake. Wote wawili wanaishia kujitoa uhai. Wahakiki wamezisoma riwaya hizo kwa falsafa kubwa kubwa, na hawakukosea. Walakini kuna jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita: hakuna kati ya wawili hao aliyekosa watu wa kumzunguka. Wana wazazi, wana ndugu, wana marafiki, wana wapenzi. Wanaulizwa habari kila siku. Kisichokuwapo ni mtu wa kuisubiri jibu ya pili.

Maana Kiswahili kina desturi yake katika kuulizana hali. Mtu huulizwa habari, naye hujibu nzuri, hata kama ametoka kuzika. Huulizwa habari za nyumbani, hujibu salama. Huulizwa habari za kazi, hujibu tunashukuru. Mgeni asiyeijua lugha huona kuwa huo ni uongo wa adabu. Sivyo. Salamu zile ni ngazi, na ukweli umekaa darini. Baada ya nzuri ya tatu au ya nne, sauti hushuka, na neno dogo hujitokeza: ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Salama, ila huku mambo yamekuwa magumu. Neno hilo la ila ndiyo salamu yenyewe, na hawezi kulifikia ila yule mwenye subira ya kupanda ngazi yote. Msukuma aamkapo na mwangaluka yake hana haraka. Anauliza, anasubiri, anauliza tena.

Sasa zitazamwe karatasi za maswali ambazo juu yake programu nyingi za simu zimejengwa. Iliyo mashuhuri ina maswali 9, nayo humwuliza mtu ni mara ngapi katika wiki 2 zilizopita amekosa raha, amekosa usingizi, amechoka, amejiona hafai. Kila jibu lina alama yake kuanzia 0 hadi 3, na jumla huishia 27. Karatasi hiyo imetafsiriwa kwa Kiswahili, nayo imesaidia waganga wengi kumtambua mgonjwa ambaye angepita machoni mwao. Haifai kudharauliwa. Lakini yenyewe hushika jibu la kwanza. Mvuvi aliyelelewa katika adabu ya nzuri atajibu nzuri, chombo kitaandika nzuri, na ila yake itabaki kifuani. Kosa halitakuwa la mvuvi, maana hakusema uongo. Alikuwa bado yuko kwenye daraja ya kwanza ya ngazi.

Kuna tatizo jingine, nalo ni la tafsiri. Serikali, hospitali na magazeti husema afya ya akili. Ni istilahi nzuri, ila akili katika kinywa cha mtu wa kawaida ni werevu na busara, na mwenye ugonjwa wa akili ni mwenda wazimu. Katika Tanzania kumtajia mtu Mirembe, hospitali ya Dodoma, kwa miaka mingi kumekuwa ni kumtukana. Kwa hiyo kijana anayeambiwa kuwa kuna huduma ya afya ya akili huitikia kwamba yeye si mwehu, na kwa maana anayoikusudia amesema kweli. Yeye mwenyewe, akiulizwa ana nini, hutumia neno jingine: ana mawazo. Lugha yenyewe imeifanya fikra kuwa maradhi inapozidi kipimo. Wenye mawazo hawali, hawalali, huketi peke yao wakitazama maji. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lenye maana hiyo hiyo, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Watu wa mbali namna hiyo kukutana katika fasiri moja ya maradhi si jambo la bahati. Mawazo ni mazungumzo yaliyokosa mtu wa pili; mtu husema na nafsi yake, ikamjibu, naye akaijibu tena, hadi kunakucha.

Kama maradhi ni mazungumzo yaliyokosa mtu wa pili, basi wazo la kumpa mpweke kitu cha kuzungumza naye ni wazo la kueleweka. Nalo si geni. Joseph Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, akakimbia na jamaa zake mwaka 1936 hadi Marekani. Alikuwa mhamiaji basi, mtoto wa miaka 13 katika nchi asiyoijua lugha yake. Alipokuwa mwanasayansi wa kompyuta alitunga programu aliyoiita ELIZA, akaitangaza mwaka 1966. Ilijifanya mganga wa nafsi. Mtu akiandika kuwa ana huzuni, yenyewe ilimrudishia maneno yake kwa namna ya swali: kwa nini una huzuni? Haikuelewa neno hata moja. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi na akajua wazi kuwa ni programu tu, alianza kuandikiana nayo, na baada ya maneno machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo faragha.

Weizenbaum alishtuka, na mshtuko huo ukamzalia kitabu alichokitoa mwaka 1976. Hoja yake ilikuwa kwamba yapo mambo ambayo kompyuta haifai kupewa hata kama inaweza kuyafanya. Wengi waliokuja baada yake wamemcheka kwa woga wake, na mashine za leo zimeipita ELIZA kwa mbali sana. Zinajibu kwa Kiswahili fasaha, zinakumbuka, zinafariji. Walakini ndani ya kisa kile mna jambo ambalo wanaomcheka na wanaomsifu hulipita. Yule katibu hakudanganyika. Alijua anachozungumza nacho. Alichokitaka ni mahali pa kusemea lililo moyoni pasipo mtu wa kulibeba na kulitembeza. Kwa hiyo swali la kumwuliza si kwa nini aliiamini mashine. Lililo zito zaidi ni hili: katika jengo lile zima lililojaa watu, kwa nini hapakuwa na mtu wa kumwamini?

Hapa yafaa kuitetea simu, maana haki ni haki hata kwa chombo. Katika kambi ya uvuvi watu 10 hulala katika kibanda kimoja, na siri haina pa kujificha. Mwanamume akionekana analia, kesho yake amepewa jina. Mwanamke anayeanika dagaa mchangani, aliyekuja peke yake kutafuta riziki, akisema kuwa hana raha atasemwa kuwa anatafuta mume. Siri ya mtungi aijuaye kata, ila kata nyingine zina midomo. Simu haina macho ya kumtazama mtu kwa dharau wala jirani wa kumsimulia. Haichoki saa 9 za usiku. Na kwa aliye kisiwani, hospitali ya rufaa ya Bugando, iliyojengwa juu ya kilima chake ikitazama jiji na ziwa, iko ng'ambo ya maji, ya nauli, na ya siku nzima isiyo na kipato. Anayemkebehi mpweke kwa kufarijiwa na simu hana budi kwanza aeleze yeye alikuwa wapi.

Hata siri ya simu, hata hivyo, ina mipaka. Aliyoyasema mtu kwa chombo huhifadhiwa mahali fulani, na mahali hapo pana mwenyewe. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023, na hilo ni jema. Lakini mvuvi anayekubali masharti marefu yaliyoandikwa kwa lugha ya mawakili, tena kwa maandishi madogo, hajui amekubali nini. Jirani mwenye mdomo angalau anajulikana nyumba yake.

Lipo pia suala la nasaha zenyewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa wakakusanyika, nyavu zikashushwa. Kijana wa kazi hiyo hulala jua likiwaka, chini ya bati au turubai, inzi wakimzunguka. Programu iliyotungwa kwa ajili ya mji wa mbali humwambia alale mapema, azime taa zote, asitazame mwanga kabla ya kulala. Taa ndiyo riziki yake. Humwambia atembee hatua kadhaa kila siku, naye amebeba magunia tangu alfajiri. Humwambia avute pumzi polepole wakati ambapo anachokiwaza ni kwamba mwenye mtumbwi hajamlipa kwa musimu wa pili sasa. Pumzi itatulia, na fedha zitabaki kwa mwenye mtumbwi. Nasaha kama hizo zina hatari ambayo haikukusudiwa na aliyezitunga: hugeuza dhuluma ikawa tabia mbaya ya aliyedhulumiwa, kana kwamba kilichomkosesha usingizi ni kutojua kulala. Si kila huzuni ni ugonjwa. Nyingine ni ushahidi, na shahidi hafai kupewa dawa ya kumnyamazisha.

Yaliyopimwa na wataalamu yanafundisha jambo ambalo wenye busara wangelitarajia. Nchini Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kulifanywa jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2020. Wanawake wa Sudan Kusini walikutana kwa wiki 5, kila mara kwa saa 2, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba juu ya namna ya kuishi na mawazo mazito. Walipopimwa baada ya miezi 3, dhiki zao zilikuwa zimepungua kuliko za wale ambao hawakuhudhuria. Sauti ilikuwa ya mashine. Lakini waliisikiliza wakiwa wamekaa pamoja, na kina mama waliofunzwa kwa muda mfupi wakiwaongoza. Huko Lebanon nako, programu ya simu iliyojaribiwa kwa Washami waliohamishwa na vita, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2022, iliambatana na mtu aliyempigia kila mshiriki kwa muda mfupi kila wiki. Chombo kilifaa, na kila mahali palikuwa na binadamu aliyekishika mpini.

Katika Zimbabwe funzo hilo lilinunuliwa kwa bei kubwa. Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa waganga wachache sana wa maradhi ya akili nchini mwake, amesimulia hadharani namna alivyompoteza mgonjwa wake kijana, aliyejiua baada ya yeye na mama yake kukosa nauli ya basi ya kumfuata hospitalini. Mtu wa zama hizi angetarajia kuwa jibu la daktari lingekuwa simu. Umbali ndio uliomwua yule binti, na simu ndiyo iuayo umbali. Daktari aliwaza lingine. Mwaka 2006 huko Mbare, Harare, aliwachukua kina bibi 14, akawafunza kusikiliza na kumsaidia mtu kulitatua tatizo moja kwa wakati mmoja, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati. Hatua ya kwanza ya mazungumzo yao waliiita kufungua fikra. Jaribio lililotangazwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa walioketi na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limevuka nchi na nchi, hata Zanzibar likafika. Na kwa mtu wa pwani benchi hilo si kitu kipya. Ni baraza, limetolewa mbele ya nyumba likapelekwa mbele ya zahanati.

Hata wakazi wa ziwani wenyewe wanaijua tofauti kati ya nusu na kamili, na wameijua kwa uchungu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Mwaka 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, jamaa wengi walitegemea redio na kusimama ufukweni. Safari hii habari zilifika kwa simu katika muda mfupi, na rambirambi nazo zikafika kwa simu, kwa njia ya fedha, njia iliyoanza kuenea Tanzania tangu mwaka 2008. Fedha zile zilinunua sanda na unga. Hakuna aliyezikataa. Lakini matanga hayakukaliwa na fedha. Yalikaliwa na watu walioacha kazi zao, wakavuka maji yale yale yaliyoua, wakaketi chini kimya. Kila jamii ya pande hizi inamjua mtu atumaye rambirambi nono na asionekane msibani. Humshukuru, na siku yake ikifika humlipa kwa kipimo hicho hicho. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna asiyeijua.

Kumbe basi maadili ya jambo hili yamo tayari katika desturi, hayangoji kutungwa. Kitumwacho kina thamani, ila hakimwondolei mtu wajibu wa kufika, maadam anaweza kufika. Na hapo ndipo mizani huanguka upande wa mwenyeji. Ndugu aliyeko Kigoma hawezi kufika; simu yake ni nusu yote aliyo nayo, naye amekwisha kuitoa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hakuna wa kumlaumu mwenye fimbo kwa umbali wake. Nusu ya pili imo mikononi mwa walio karibu: mwenye mtumbwi, mama lishe wa kambini, mwalimu, shehe, katekista, mwenye kibanda cha kuchajia simu ambaye kila jioni hupokea simu 30 na kuziona nyuso 30. Programu njema kuliko zote itakayotungwa kwa ajili ya mhamiaji wa ziwani ni ile itakayomfikisha kwenye mmoja wa milango hiyo. Mbaya kuliko zote ni ile itakayowapa wenye milango sababu ya kuifunga, wakisema kuwa kijana yule ana simu yake inamtosha.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hueleweka kwa wepesi kwamba mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenyeji naye akapata mchuzi. Lakini neno walilolichagua ni kupona, na mtu haponi asipokuwa na ugonjwa. Wazee walijua kuwa mwenyeji naye anaumwa: anaumwa na mazoea, na uchoyo, na mlango usiobishwa. Mgeni anapoeleza shida yake, anayemsikiliza hugundua kuwa na yeye ana ila yake aliyoificha nyuma ya nzuri nyingi. Kila mmoja hubeba kidogo cha mwenzake, na wote wawili huondoka wepesi kuliko walivyokuja. Hilo ndilo ambalo chombo hakiwezi, hata kikiwa na ufasaha wa namna gani. Kinaweza kumpoza mgeni. Chenyewe hakina kidonda, kwa hiyo hakuna atakachoponywa, na mgeni huondoka akiwa amepokea tu, hakutoa. Mtu anayepokea siku zote na asiyehitajiwa na yeyote hawezi kudumu mzima, kwa kuwa nusu ya uzima wa mtu ni kuwafaa wengine. Ndiyo sababu methali nyingine ikasema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Wengi wameisoma kama ukali. Yaweza kusomwa pia kama dawa: siku ya tatu, mgeni amehitajiwa.

Mbalamwezi inapojaa juu ya ziwa, dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa, na kambi hupumzika siku kadhaa. Nyavu hutandazwa juu ya mawe, watu hushona. Siku hizo ndizo siku za mawazo, na ndizo siku ambazo simu hushikwa zaidi. Lakini kushona nyavu ni kazi ya mikono minne. Mmoja hushika, mwingine hupitisha uzi. Wakati huo mtu huweza kuulizwa habari, akajibu nzuri, uzi ukapita. Akaulizwa tena, akajibu salama, uzi ukapita. Na aulizaye hana pa kwenda, kwa sababu tundu bado ni kubwa na mwezi bado uko juu.